Visanduku vya Kadha

Aliyemwona Lamya kwa mara ya kwanza hakuiona sura yake, aliuona mgongo. Ilikuwa siku ya hitma katika nyumba moja ya Mkunazini. Wanawake walikuwa wameshaingia ndani na viatu vyao wameviacha mlangoni kama walivyovivua, kimoja huku, kimoja kule, kingine kimelala juu ya mwenzake. Msichana mrefu mwenye buibui alikuwa ameinama kizingitini akiviweka jozi jozi, pua zikitazama nje, ili kila mtu akitoka avae na kwenda zake. Hakuna aliyemtuma. Na hitma ilipokwisha, baadhi ya wanawake walihangaika kuvitafuta viatu vyao kuliko siku zote, kwani mtu hukumbuka pale alipovua, hakumbuki pale alipopangiwa.

Ndivyo alivyo Lamya. Ana miaka ishirini na sita, anaishi na mama yake, Bi Shariffa, katika nyumba ya ukoo wao, na kazi yake ni kuandikisha wagonjwa kwa daktari wa meno huko Vuga. Chuoni alisomea kompyuta akafaulu vizuri, lakini kazi za kutengeneza programu mjini ni chache, na waliozipata walishazikalia. Hakukubali elimu yake ishike kutu. Akitoka kazini, baada ya alasiri, alikuwa akiifungua kompyuta yake kuukuu na kujifanyia vitu vidogo vidogo kwa raha zake. Mara ukurasa wa nyakati za sala, mara mchezo wa kuhesabu kwa watoto wa jirani. Hakuna aliyevitumia sana, naye hakujali.

Programu iliyomtia mashakani ilianza na aibu yake mwenyewe. Kila Ramadhani mwanamke hupitiwa na siku ambazo hafungi, na siku hizo ni kadha, hutakiwa azilipe kabla ya Ramadhani nyingine kuingia. Lamya alipanga kila kitu maishani mwake isipokuwa hilo. Alisema Jumatatu ijayo, akasema Alhamisi ijayo, mifunguo, miezi ya baada ya Ramadhani, ikapita mmoja baada ya mmoja, hata akastuka Shaabani imeingia na Ramadhani nyingine ipo mlangoni.

"Lamya," mama yake alimwita mwaka ule, akiwa na sinia la mchele mapajani.

"Naam, mama."

"Zile siku zako umeshazilipa?"

"Bado kidogo."

"Kidogo ndiyo ngapi?"

Lamya alianza kuhesabu kwa vidole, akapotea.

"Basi utafunga huku unahema," Bi Shariffa alisema, akiendelea kuchambua. "Na zitakazobaki utazitolea vibaba vya maskini. Mchele wenyewe ndio huu, usije ukasema hukuuona."

Baada ya Ramadhani hiyo ndipo Lamya alipotengeneza ukurasa wake, akauita Kadha Yangu. Ulikuwa na mstari wa visanduku, kimoja kwa kila siku ya mwezi. Siku uliyofunga kisanduku chake ni kijani, siku uliyokosa ni cheupe, na ukija kuilipa unakibonyeza nacho kinageuka kijani. Kila Jumapili na Jumatano alasiri ukurasa ulimwuliza kama amenuia kufunga kesho yake. Wazo la mstari alilipata katika masomo yake, ambako alifundishwa kwamba mtu akiziona siku zake zimefuatana bila pengo huona haya kuukata mnyororo. Wazo hilo lilimfaa. Mwaka huo alizimaliza siku zake zote kabla ya Rajabu, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu abaleghe, na alipokibonyeza kisanduku cha mwisho mbele ya mama yake, Bi Shariffa alisema, "Alhamdulillahi, maneno yangu yalikushinda, ya kompyuta umeyasikia."

Kazini, muuguzi aliyeitwa Ummukulthum aliuona ukurasa huo akataka na yeye. Lamya akafungua nafasi ya watu kujiandikisha. Baada ya Ummukulthum wakaja dada zake, wakaja mashoga wa skuli, wakaja wanawake wa ukoo. Hata Bi Shariffa aliandikwa, ingawa umri wa kukosa siku ulishampita zamani. Alisema anapenda kubonyeza.

Na akaja Saadiya.

Saadiya ni mtoto wa marehemu dada yake Bi Shariffa. Alilelewa katika nyumba hiyo hiyo, akalala kitanda kimoja na Lamya mpaka siku alipoolewa, na Lamya hadi leo humwita da Saadiya. Mumewe, Suhaib, ni mpishi katika hoteli moja ya Paje, na kwao ni Bwejuu, ambako wanaishi na mama yake, Bi Mwatima, na dada yake, Badria. Katika ndoa yao Saadiya alikuwa ameshika mimba mara mbili, na zote mbili zikaharibika. Bi Mwatima ni mama mwema mwenye mdomo mwepesi. Kila mara, kwa furaha, alikuwa ameshawatangazia wenzake huko pwani wanakofunga mwani kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Waliokuja kumpongeza Saadiya ndio hao hao waliorudi kumpa pole, na wengine walirudi kabla ya vyombo vya safari ya kwanza kukauka.

Siku alipojiandikisha Saadiya aliuliza jambo moja tu.

"Nani anaona?"

"Hakuna anayeona," Lamya alimjibu. "Wewe na Mola wako."

"Na wewe?"

"Mie naweza nikitaka. Sitaki."

"Haya, nitie."

Baada ya hapo Saadiya mwenyewe ndiye aliyemshawishi wifi yake, Badria, naye akaingia.

Kama Lamya angeliacha jambo hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini Shaabani iliyofuata Ummukulthum alimwambia kwamba kubonyeza peke yako kunachosha, na kwamba wangekuwa wanaonana wangepeana moyo. Lamya alilipenda wazo hilo kupita kiasi. Kwa wiki nzima alifanya kazi bila kuinua kichwa, akaunda kitu alichokiita duara. Wanawake wa ukoo mmoja na mawifi zao waliwekwa pamoja, kila mmoja akiiona mistari ya wenzake. Asiyetaka kuonekana aliweza kuingia mahali fulani katika ukurasa wake akajificha. Wote aliwaweka wazi kwanza, kwa kuwa aliona tabu kumwuliza mmoja mmoja, na kwa kuwa moyoni aliamini hakuna atakayekataa jambo la kheri.

Aliwatumia ujumbe wa kuwaeleza. Ulikuwa mrefu kama hutuba ya Ijumaa. Ulianza kwa dua ya kuukaribisha mwezi, ukafuata shukrani, na habari yenyewe ya kuonana ilikuwa karibu na mwisho. Watu walijibu amin. Saadiya alijibu kwa picha ya ua.

Akaongeza na jambo la pili. Atakayemaliza mwezi bila kisanduku cheupe hata kimoja, siku mwezi utakapoandama ukurasa utampongeza mbele ya duara lake. Ili kulijaribu jambo hilo aliutumia mstari wa mama yake, akaujaza kijani mwanzo hadi mwisho, na pongezi zikatoka vizuri. Lamya akacheka peke yake kwa furaha.

Ni kosa ambalo mwanamume angesamehewa kulifanya. Lamya ni mwanamke. Anajua vizuri kwamba wanawake hula mchana wa Ramadhani jikoni, mlango umerudishwa, na hakuna anayeulizwa. Anajua kwamba mke wa umri wa Saadiya akiufunga mwezi mzima hakuzidi wenzake kwa bidii, bali ana habari tumboni. Haya yote aliyajua, ila siku zile alikuwa akifikiri kwa akili ya vitabu alivyosomea, ambavyo kwao siku zote ni sawa na pengo ni uvivu.

Jioni mwezi ulipoandama Lamya alikuwa jikoni akisukuma unga wa visheti. Simu ililia, na kwa mikono ya unga akaifungua. Pongezi zilikuwa zimetoka kama alivyoziandika: hongera Bi Shariffa, umekamilisha mwezi wote, hongera Saadiya, umekamilisha mwezi wote. Akatabasamu, na kabla tabasamu halijaisha ukaingia ujumbe wa sauti wa Badria kutoka Bwejuu.

"Jamani, Bi Shariffa tunamjua, kashastaafu zamani," Badria alisema, huku nyuma yake watu wakicheka. "Huyu wifi yangu naye kastaafu lini? Saadiya, we Saadiya, mbona umetuficha? Mama, hebu njoo usikie."

Lamya alifahamu kabla sauti haijamalizika. Alikimbilia kompyuta akazifuta pongezi, lakini zilikuwa zimeshafika katika kila simu. Akampigia Saadiya. Haikupokelewa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Mafuta ya visheti yaliungua motoni na Bi Shariffa akaja akiuliza kuna nini, na Lamya akalazimika kumweleza, maneno yakimtoka vipande vipande.

Bi Shariffa alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Ana mimba?" aliuliza polepole.

"Nadhani, mama."

"Na wewe ndiye uliyewaambia watu."

Hakulisema kwa hasira. Lamya angeipenda zaidi hasira.

Sikukuu mosi Bi Mwatima alikuwa ameshawaambia waliokuja kuomba mkono wa Idi. Sikukuu pili salamu zilifika mpaka Mkunazini, kutoka kwa watu ambao Lamya hakuwajua. Sikukuu tatu Saadiya alitokwa na damu, akaletwa hospitali mjini.

Lamya na mama yake walikwenda alasiri, saa ya kuangalia wagonjwa. Saadiya alikuwa amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Unajionaje?"

"Daktari kasema imo bado. Kasema nilale."

"Da Saadiya," Lamya alisema.

Mkono wa Saadiya ulilivuta shuka juu mpaka begani. Suhaib alimtoa Lamya nje hadi ukumbini, akasimama naye karibu na dirisha. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shemeji, nenda nyumbani kwanza," alimwambia kwa upole. "Alifunga mwezi mzima ili mama asimshtukie. Kila nikimwambia fungua, anasema nikila tu nitatapika, nao watauliza. Alikuwa amebakisha wiki chache awaambie mwenyewe."

Damu ilikoma, na Saadiya akarudishwa Bwejuu akae kitandani. Lakini baada ya muda Suhaib alimpigia Bi Shariffa na habari nyingine, akaisema kwa kuzunguka, kama mtu anayebeba kitu cha moto. Saadiya hatakuja mjini kuzaa. Atazalia huko huko.

Habari hiyo ilimvunja Bi Shariffa. Mwanamke mimba yake ya kwanza kufika huja kujifungulia kwao, akandwe na watu wake, alale kwenye kitanda anachokijua. Saadiya hana mama, kwao ni hapo, na Bi Shariffa aliahidi hivyo kwa dada yake alipokuwa mahututi.

"Mtoto wa dada yangu azalie ukweni, nami ni mzima," alisema, akikunja na kukunjua khanga moja ileile. "Watu wana haki ya kuniuliza nimemfanya nini."

"Mama, mimi ndiye..."

"Nnajua kuwa ni wewe. Lakini nyumba anayoikataa ni yangu."

Lamya alitaka kuifuta programu yote. Alikaa mbele ya kompyuta kidole kikiwa tayari, na Ummukulthum, ambaye alikuwa amemtembelea, akamshika mkono.

"Na siku zangu utazipeleka wapi?" aliuliza. "Mie nimeshalipa nusu. Unataka nianze upya kukumbuka, kwa kichwa hiki?"

"Programu imeleta balaa."

"Programu haikumtia mtu hadharani, shoga yangu. Wewe ndiye uliyetutia bila kutuuliza, na sasa unataka kututoa bila kutuuliza."

Maneno hayo yalimkaa Lamya. Alilizima duara, kisha akaanza kumpigia simu kila mwanamke aliyejiandikisha, mmoja mmoja, kazi ile ile aliyoiona tabu hapo mwanzo. Aliwauliza kama wanataka kubaki, kama wanataka kuonekana, na nani. Ilimchukua muda mrefu. Wengine walimcheka, wengine walimsema, na bibi mmoja wa Malindi alimweka kwenye simu mpaka magharibi akimweleza kadha za ujana wake. Ni mmoja tu ambaye hakumpata. Mstari wa Saadiya aliufunga, hata yeye Lamya asiuone mpaka aufungue makusudi. Katika miezi ile ya kimya alitamani mara nyingi kuufungua, kujua tu kama da Saadiya angali anaingia, kama yu mzima wa kubonyeza. Hakuufungua. Lilikuwa jambo dogo ambalo hakuna mtu angelijua, na pengine ndiyo maana lilimtesa.

Mfunguo nne ulipoingia alishindwa kungoja. Alikwenda Bwejuu bila kumwambia mama yake.

Bi Mwatima alikuwa uani akianika mwani juu ya makuti. Aliitikia shikamoo yake, akamtazama, akasema, "Karibu, mwanangu. Mie na wewe wote tushahukumiwa, tofauti yangu nalala naye nyumba moja." Badria alikuwa anapitapita na ndoo. Alifungua mdomo aseme kitu, Bi Mwatima akamnyooshea kidole, naye akaufunga.

Saadiya alikuwa barazani kwenye mkeka, mto mgongoni. Tumbo lilikuwa limeshatoka, na Lamya alipoliona machozi yalimlenga, akayazuia.

"Umekuja kuomba radhi au umekuja kunichukua?" Saadiya aliuliza.

"Yote mawili."

"Moja moja."

"Nisamehe, da Saadiya."

"Nilikuuliza nani anaona."

"Uliniuliza."

"Ukanambia nini?"

"Hakuna."

"Na kisha?"

"Kisha nikabadilisha. Nilituma ujumbe."

"Niliupata. Ulianza na dua, nikasema amin, nikaufunga." Pembe ya mdomo wake ilitaka kucheka, akaizuia. "Watu wanadhani naogopa jicho. Siogopi jicho la mtu. Naogopa pole zao. Hujui ilivyo, kupewa pole na mtu ambaye hukumwambia hata kuwa unayo. Mara hii nilitaka, ikinitoka, niilie peke yangu na mume wangu. Ndicho nilichokitaka. Na nilikifungia mwezi mzima."

Lamya alikuja na maneno aliyoyapanga njia nzima, na hakuna hata moja lililomfaa.

"Sasa kila alfajiri naamka natia mkono," Saadiya aliendelea. "Ikicheza, nalala tena. Isipocheza nangoja. Na huko nje wote wanangoja nami, wanahesabu. Hilo ndilo ulilonifanyia."

"Nnajua."

"Hujui. Lakini angalau hujaniambia nisiwaze."

Badria akaleta chai, akaiweka chini kwa adabu isiyo ya kawaida yake, akaondoka. Lamya alisimama aage, kwani aliona hajapewa radhi wala hajafukuzwa.

"Kile chumba cha chini," Saadiya alisema, macho yake yakiwa kwenye chai, "siku hizi kina nini?"

"Cherehani ya mama. Na magunia."

"Mie ngazi siziwezi."

"Tutakitoa kila kitu."

"Sijasema nakuja. Nina hasira nawe, na nikija nitakuja nazo. Daktari ataniangalia mfunguo tano. Akinikataza kusafiri, sisafiri."

Lamya alirudi mjini na kumweleza mama yake neno kwa neno. Bi Shariffa alimwuliza mara mbili alivyosema kuhusu ngazi. Halafu hakuuliza tena, aliingia chumba cha chini akaanza kuyavuta magunia, mwanamke mwenye maumivu ya mgongo, mpaka Lamya akamnyang'anya. Kuta zikapigwa chokaa. Kitanda kiliingizwa kikaachwa katikati ya chumba, kwa sababu Lamya hakujua da Saadiya atataka kichwa kiwe upande upi, na alikataa kukisukuma popote mpaka mwenyewe aseme.

Mfunguo tano uliingia. Simu ya Suhaib ikaja siku ya Jumatano: daktari ameruhusu, mradi gari iende polepole, nao watatoka kesho baada ya adhuhuri. Kama usiku utapita salama, aliongeza. Bi Shariffa alisema inshallah mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi Lamya aliomba ruhusa kazini. Nyumba yao iko ndani, gari haifiki, basi alichukua kiti akakipeleka mpaka mwanzo wa kichochoro, barabarani, ili mwenye kushuka apate kupumzika kabla ya kutembea. Akasimama kando yake. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha. Suhaib alikuwa ameandika mara moja tu, kwamba wameshapita Jozani, na tangu hapo kimya. Kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya Lamya apige hatua mbele, nalo likapita.

Bi Salhiya, jirani yao, alitokea na kikapu cha mboga, akakitazama kiti, akamtazama Lamya.

"Mnamngoja nani na kiti barabarani?"

"Mgeni, Bi Salhiya."

"Mgeni gani huyo asiyeweza kusimama?" Bi Salhiya alikiweka kikapu chini, akitaka maneno. "Si yule dada yako wa Bwejuu? Nasikia ana..."

"Mgeni tu, Bi Salhiya," Lamya alisema. "Akipenda atakwambia mwenyewe."

Bi Salhiya alikunja uso, akaokota kikapu chake na kwenda zake akinung'unika. Lamya aliitazama simu, akaiweka mfukoni, akaitazama tena. Upande wa Mnazi Mmoja lilijitokeza gari jeupe, likija taratibu mno, kama daktari alivyoagiza, polepole kiasi cha kupigiwa honi na lililo nyuma yake. Lilikuwa bado mbali, na waliomo ndani hawajaonekana.